Wakimbiaji wa mwambao wafundishwe kuteremka

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu maandalizi ya nusu marathon za milimani iliwahimiza wakimbiaji wa ridhaa wa huku mwambao waongeze mazoezi ya kupanda. Ushauri huo si mbaya, ila umeishia kileleni. Mkimbiaji wa Tanga mjini anayezoea lami tambarare ya Chumbageni na Raskazone hupanda vizuri kuliko anavyodhaniwa, maana moyo na mapafu aliyoyajenga kwenye joto la pwani yanamfaa popote. Kinachomwangusha ni mteremko, na huo haukuguswa hata kwa sentensi moja.

Shida iko kwenye misuli ya mbele ya paja. Mtu akipanda, misuli hiyo hujikunja huku ikisukuma mwili. Akiteremka, hurefuka ikiwa imekaza, kwa sababu ndiyo breki kila mguu unapotua. Kazi hiyo haikati pumzi, ndiyo maana mtu hujiona mzima na kuzidi kufungulia, kumbe nyuzi za misuli zinachanika kidogokidogo. Maumivu hufika kilele saa 24 hadi 72 baadaye, lakini nguvu hupungua siku hiyohiyo, mbioni. Kilometa ya 16 njia imelala, pumzi ipo, mapaja hayapo.

Anayeona mteremko ni zawadi aitazame njia ya marathon ya Boston, Marekani, ambako mwanariadha wetu Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ule wa kwanza akizidiwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1 tu. Kutoka mwanzo hadi mwisho njia ile hushuka takriban meta 140, na sehemu kubwa ya mshuko iko mwanzoni. Vilima vya Newton, vilivyo kwenye njia hiyohiyo, si virefu hata kidogo. Vinaogopwa kwa sababu vinakuja baada ya kilometa 25, miguu ikiwa imeshapigwa na mteremko.

Bahati nzuri ni kwamba misuli hujifunza upesi. Zoezi moja la kuteremka, hata likiwa fupi, huikinga kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo hakuna haja ya kujiumiza kila Jumamosi. Wiki nane kabla ya mbio, tafuta mteremko wa asilimia 4 au 5, yaani unaoshuka meta 8 hadi 10 ndani ya meta 200, ikiwezekana wa udongo mgumu badala ya lami. Shuka mara 4 kwa kasi ya mbio zako, ukirudi juu kwa kutembea. Baada ya siku 10 shuka mara 6, kisha 8, halafu urefushe hadi meta 400. Usiongeze idadi na ukali wa mteremko kwa pamoja, na zoezi la mwisho liwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Anayejaribu miguu yake mlimani wiki ya mwisho anakwenda kwenye mstari na mapaja mabovu.

Mjini Tanga mteremko wa namna hiyo hakuna. Wa karibu ni kupanda basi hadi Muheza na kuifuata barabara ya Amani, ambayo masika huteleza, basi wakati huo iachwe. Mwenye muda aende Mombo. Barabara ya lami kutoka hapo kupitia Soni hadi Lushoto ni kama kilometa 33 na hupanda zaidi ya meta 900. Kuishuka yote ni ujinga. Kilometa 5 au 6 zinatosha. Ni nyembamba, ina kona nyingi na magari hayaonekani mpaka yawe yamefika, kwa hiyo kimbia ukiyaelekea, bila vipokea sauti masikioni, na kabla ya kona iliyobanwa na mwamba hamia upande wa nje mapema.

Asiye na nauli ana ngazi. Simama kwa mguu mmoja kwenye kipandio cha sentimeta 20, ushushe kisigino cha mguu wa pili hadi chini polepole kwa kuhesabu hadi nne. Mara 12 kila mguu, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Mchanga wa ufukweni, unaosifiwa sana huku kwetu, hukomaza tafu na vifundo lakini haufundishi kutua. Mashine za kukimbilia nazo nyingi huinuka mbele tu, haziinami.

Kosa la kawaida kwenye mteremko ni kuegemea nyuma na kutupa kisigino mbele. Mtu anadhani anajihami, kumbe kila hatua anapiga breki na goti ndilo linalolipa. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya nyonga, macho yatazame meta 10 hadi 15 mbele, mikono ifunguke kidogo kwa ajili ya mizani.

Kuhusu saa ya mkononi, wengi hukosea hesabu. Kwa makadirio, kila asilimia 1 ya mpando humchelewesha mkimbiaji wa kawaida sekunde 8 hadi 10 kwa kilometa, na mteremko wa kiasi hichohicho humrudishia kama sekunde 5 tu. Chukua anayelenga kumaliza nusu marathon, kilometa 21, kwa saa 1 na dakika 45, yaani karibu dakika 5 kwa kilometa. Akipanda meta 200 ndani ya kilometa 5 atapoteza kama dakika 3, na akizishuka atarudishiwa dakika 1 na nusu na ushei. Hiyo tofauti haidaiwi popote. Anayelazimisha dakika 5 mlimani atailipa kilometa za mwisho kwa riba. Apande kwa pumzi: awe bado anaweza kutamka maneno manne au matano. Akifika juu asipumzike wala asifyatuke. Ajipe meta 200 pumzi irudi, ndipo aiachie miguu.

Viatu vya mtumba vitazamwe soli. Iliyolika upande mmoja, au sponji iliyokuwa ngumu kwa uzee, huvumilika kwenye tambarare lakini mteremkoni hupindisha kifundo. Kamba ifungwe hadi kitundu cha mwisho ili mguu usisukumwe mbele, na kucha zikatwe siku tatu kabla. Asiyefanya hivyo atarudi na kidole gumba cheusi.

Waandaaji nao wana sehemu yao. Tangazo la mbio lina ada, rangi ya fulana na picha ya mgeni rasmi, lakini halina mchoro wa miinuko ya njia. Mtu wa Tanga anayejiandaa kwa Moshi, ambako njia ya Kilimanjaro Marathon hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini, hufanya mazoezi Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma na saa 11 alfajiri jasho likiwa tayari linatiririka. Muda wake ni mchache, hawezi kubahatisha. Mchoro unaoonyesha kila kilometa inapanda au kushuka meta ngapi utolewe siku ya kufungua usajili, na meza za maji zisiwekwe chini ya mteremko mkali, ambako hakuna awezaye kusimama bila kugongwa na wanaomfuata.

Mkimbiaji wa ridhaa,
Raskazone, Tanga