Siku ya theluji haina sinia moja

Ndugu Mhariri,

Shule za hapa Minneapolis zikifungwa kwa sababu ya theluji, nyumba zetu nyingi hurudia kosa lilelile. Mtoto wa miaka 3, kijana wa sekondari, baba, mama na bibi aliyefika majuzi kutoka Mombasa au Bukavu, wote huvalishwa na kutolewa nje kwa pamoja ili wapigwe picha. Dakika kumi baadaye mdogo analilia vidole, bibi anatetemeka, kijana amenuna. Siku hiyo ni tamu kweli, ila utamu wake haupakuliwi kwenye sinia moja. Kila umri una saa yake na mahali pake.

Watoto wadogo ndio wenye haraka, basi tuanze nao. Kabla ya kufungua mlango soma hali ya hewa, na kumbuka kuwa Marekani hutumia Farenhaiti: wakitaja 20, ni karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapo, bila upepo, mtoto aliyevaa vizuri anaweza kucheza nusu saa, akaingia kupata joto, akatoka tena. Wakitaja 0, yaani 18 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika 30. Siku kama hiyo theluji ndiyo iletwe ndani. Jaza beseni, liweke bafuni juu ya taulo, mpe mtoto glavu, vijiko na vikombe. Walio chini ya miaka 3 hulifurahia beseni hilo kuliko uwanja mzima, hata hali ya hewa ikiwa nzuri.

Nguo nazo zina mpangilio wake. Kwanza apelekwe chooni, maana haja humshika akishafungwa kila kifungo. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au poliesta. Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na jasho likipoa mtoto hupoa nalo. Juu yake sweta nzito, kisha suruali na koti visivyopitisha maji. Kosa letu kubwa liko kwenye soksi: tunamvika jozi tatu tukidhani tumemwokoa, kumbe buti inabana, damu haipiti vizuri, na vidole vinapoa upesi zaidi. Jozi moja nene yatosha, vidole vibaki na nafasi ya kuchezacheza. Glavu za mfuko, zile zinazotenga dole gumba tu, zina joto kuliko zenye vidole vitano.

Tena theluji si aina moja. Ile inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri ina unyevu, hushikana kama unga uliokandwa, nayo ndiyo ya kufinyangia sanamu. Ya baridi kali, 10 chini ya sifuri na kushuka, ni kavu kama sembe. Uibane uwezavyo, itamwagika. Mtoto ambaye hakuelezwa hili hulia akidhani hajui kufinyanga. Mpe chupa ya kunyunyizia maji ailoweshe kidogo kidogo. Na yale malundo yanayoachwa kando ya barabara na magari ya kusukuma theluji yasiwe uwanja wa mtu yeyote. Dereva haoni aliyejificha nyuma ya lundo, na pango lililochimbwa ndani yake likiporomoka humziba mtoto pumzi.

Kijana raha yake ya kwanza ni usingizi, na apewe. Lakini ujumbe wa shule usomwe mpaka mwisho: sheria ya jimbo letu la Minnesota inaruhusu hadi siku 5 kwa mwaka za kusomea nyumbani kwa njia ya mtandao, na siku hizo mahudhurio huhesabiwa. Ikiwa ni mapumziko kamili, mchana aende na wenzake kuteleza. Akae miguu ikitangulia, asilale kifudifudi, avae helmeti, na achague mteremko usioishia barabarani, kwenye miti wala ziwani. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri barafu mpya iliyo safi ifike sentimita 10 kabla ya kukanyagwa, na theluji iliyoifunika huichelewesha kunenepa kwa kuwa hufanya kazi ya blanketi. Ule mchezo wa kurusha hewani maji yanayochemka ukatazwe kabisa. Upepo ukigeuka, maji humrudia aliyeyarusha usoni.

Sasa beleshi. Jiji la Minneapolis humpa mwenye nyumba ya familia moja au mbili saa 24 tangu theluji ikome kuanguka, awe amesafisha njia ya waendao kwa miguu mbele yake. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana nayo. Ikiendelea kuanguka, toka kila inapofika kina cha sentimita 10 hivi. Anayengoja ijae magotini huinua mzigo ambao mgongo haukuuzoea. Beleshi moja la theluji yenye maji laweza kufika kilo 7. Isukume, usiinyanyue. Ikibidi kuinyanyua, kunja magoti na ugeuke na mwili mzima, usiitupe juu ya bega. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na kazi ya ghafla ikiongezwa hapo moyo huzidiwa. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na asiyezoea mazoezi wamwachie kijana, na ndipo naye hupata fedha kidogo ya mfukoni. Kifua kikibana, acha papo hapo na upige 911, namba ya dharura ya hapa. Chumvi ya kuyeyushia barafu hupungua nguvu kadiri baridi inavyoshuka kuelekea 9 chini ya sifuri na kuendelea. Hapo mwaga mchanga, ambao hauyeyushi kitu ila huzuia kuteleza.

Aliye nje na beleshi azunguke pia ubavuni mwa nyumba. Hita nyingi hutolea moshi wake kwenye bomba lililo karibu na ardhi, na theluji ikiliziba, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, hurudi ndani. Gari nalo lisiwashwe kabla ya kufukua ekzosi. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu hamu ya nyama choma hutushika zaidi siku tunayoshinda nyumbani: jiko la makaa lisiingizwe ndani, wala kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi. Makaa nayo hutoa gesi hiyo, isiyo na harufu wala rangi. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa nyumbani kwa wakati mmoja, tokeni nje nyote na mpige 911 mkiwa huko. King'ora cha gesi hiyo kiwe karibu na vyumba vya kulala, na betri yake ijaribiwe.

Bibi na babu wawekewe kiti kwenye dirisha linalotazama kusini, ambako jua huingia. Kuiangalia theluji ikianguka ni furaha kamili. Hawadaiwi kuikanyaga, na mfupa wa nyonga ukivunjika kwenye barafu huchukua muda mrefu kupona. Jikoni ndiko bibi anakotawala. Kwa mandazi: unga vikombe 3, sukari thuluthi ya kikombe, hamira vijiko vidogo 2, iliki, na tui vuguvugu kikombe 1 hivi. Donge lililozoea kuumuka kwa saa moja huko pwani hapa laweza kuchukua saa mbili. Liweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, na lifunikwe kwa kitambaa kibichi. Hewa ya nyumba yenye hita ni kavu sana, na donge likifanya gamba andazi halifutuki.

Linapoumuka, chezeni bao. Makasha 3 ya mayai 12 yanatosha: mawili yalazwe sambamba, la tatu likatwe vipande viwili vya vikombe vinne vinne, viungwe kwenye ncha. Hapo una safu 4 za mashimo 8. Maharage makavu 64, mawili kila shimo, ndiyo bao la kujifunza, na babu ana mwanafunzi hadi jioni. Maharage yasimfikie mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Wanaotaka kuwaonyesha theluji ndugu wa Nairobi, Zanzibar au Dar es Salaam kwa video wapige asubuhi. Msimu huu wa baridi wao wako mbele yetu kwa saa 9, na Bukavu kwa saa 8: saa 3 asubuhi hapa ni saa 12 jioni Nairobi. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti mpaka wakati wa kupiga, kwa sababu baridi hunyonya betri. Na msingoje alasiri. Desemba jua letu huzama karibu saa 10 na nusu jioni, na huko watoto wameshalala.

Mzazi,
Minneapolis, Marekani