Geji 12 au geji 20? Ushauri kwa anayetafuta shotigani ya pampu hapa Mombasa

Mteja akishapata cheti chake cha bunduki, swali la kwanza anapoingia dukani kwetu huwa ni hili: nichukue geji 12 au 20? Wengi huja wameshaambiwa kwamba 12 ni ya wanaume na 20 ni ya akina mama. Tunawaomba waliache neno hilo mlangoni, maana limewanunuza watu bunduki wasizozimudu.

Nambari ya geji inakwenda kinyume na unavyotarajia. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani karibu gramu 454, uigawe iwe gololi 12 zilizo sawa. Gololi moja ndiyo inayoenea mtutu wa geji 12, wenye upana wa takriban milimita 18.5. Igawe mara 20 na utapata gololi ndogo zaidi, ya mtutu wa milimita 15.6. Kwa hiyo nambari ikipanda, mtutu unapungua.

Kwa risasi za kawaida, geji 12 hubeba gramu 28 hadi 32 za marisau, na geji 20 hubeba kama 24 hadi 28. Kwa masafa ya ua wa nyumba au boma la mifugo, tofauti hiyo si kitu cha kukunyima usingizi.

Je, ipi haikwami? Kwenye pampu, geji haiamui. Mtambo wake hauendeshwi na nguvu ya baruti. Unaendeshwa na mkono wako, ndiyo maana hata risasi hafifu haiusumbui. Remington 870 imekuwa sokoni tangu 1950 kwa sababu hiyo hiyo. Inapokwama, mara nyingi ni kwa kuwa aliyeishika hakuuvuta mshikio wa mbele hadi mwisho. Ganda tupu halitoki, jipya haliingii, naye anabaki akiisukuma na kuivuta kwa hofu.

Hapo ndipo tunapokaa na mteja muda mrefu. Tunampa bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, aitie begani kisha avute mshikio nyuma hadi ugote na kuurudisha mbele hadi ufunge, bila kuishusha begani. Mwenye mikono mifupi utamwona anainama mbele kuufuata mshikio. Tatizo lake ni urefu wa kitako, yaani sehemu ya bunduki inayokaa begani, na geji 20 yenye kitako kile kile haitamfaa kitu. Kitako kikifupishwa, wengi wao huimudu 12 vizuri. Geji 20 ni nyepesi, mara nyingi kwa karibu nusu kilo, na hilo linamsaidia anayeibeba kutwa shambani. Lakini bunduki nyepesi nayo hupiga bega, kwa hiyo usitarajie teke lake litakuwa nusu ya lile la 12.

Ushauri wetu kwa mtu wa Pwani ni geji 12, na sababu kubwa ni risasi. Za 12 ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na vipuri vyake pia. Anayetaka 20 tunamuuzia kwa moyo mmoja, mradi ahakikishe kwanza risasi atazipata wapi, si mara moja tu bali kila zitakapohitajika.

Jambo moja hatulifanyii mzaha: usiweke geji zote mbili katika nyumba moja ukachanganya risasi. Risasi ya 20 ikitiwa kwenye bunduki ya 12 huteleza ikapita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kunasa mbele yake. Mtu akidhani hakuna kitu, akatia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono wake. Ndiyo sababu maganda ya 20 kwa desturi hutengenezwa ya rangi ya manjano. Soma pia urefu uliochorwa kwenye mtutu. Risasi ya milimita 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya milimita 70 na ikaonekana imekaa sawa, lakini ganda lake likifunguka halina nafasi, na shinikizo hupanda kupita kiasi.

Kisha kuna chumvi. Hewa ya Nyali au Likoni haingoji. Risasi nyingi za bei nafuu zina kitako cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu; zikikaa msimu mmoja wa masika kwenye boksi la karatasi, ukingo wake hushika kutu, nazo huganda ndani ya chemba. Pitisha kidole kwenye ukingo: ukikwaruza, usiitumie. Bunduki nayo isikae ndani ya mkoba wa sponji, unaonyonya unyevu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha uifungie kwenye sefu.

Kwa wenye mashamba Kwale na Kilifi wanaosumbuliwa na nyani: cheti cha bunduki si ruhusa ya kuua wanyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda, na wa kumwita ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ukija, njoo na cheti chako halisi, wala si nakala. Tutaanza kwa kuangalia aina ya bunduki na idadi ya risasi uliyoidhinishiwa, kisha tutakupimia kitako kabla hujalipa chochote.