Barua ya malalamiko: Seti yenu ya kuchora nyuso ina kasoro

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KASORO ZA KIJITABU NA PENSELI

Mimi hufundisha vijana kuchora hapa Umoja. Wazazi wao kadhaa wamenunua seti hii katika duka lenu la katikati ya jiji, wengine kwa kujinyima.

Kijitabu kilichomo kinaagiza macho yawekwe kwenye theluthi ya juu ya kichwa. Hapana. Ukipima mtu mzima kutoka utosini hadi kidevuni, macho huwa karibu na katikati. Theluthi hupimwa usoni tu: nywele zinapoanzia hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na hapo hadi kidevuni. Aliyekiandika alichanganya vipimo hivyo viwili. Matokeo yake kijana anachora mtu aliyekatwa utosi, anafuta, anarudia, na mwisho anaamini kwamba mkono wake ndio mbovu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa.

Penseli nazo hazilingani na maandishi yake. B ni alama ya weusi wa penseli: kadiri namba yake inavyopanda, ndivyo grafiti, yale madini meusi, inavyozidi udongo katika risasi, yaani ule ujiti wa ndani unaoandika, nayo huwa laini na nyeusi zaidi. Ile mliyoipiga chapa ya 6B inatoa kijivu kilekile cha HB, penseli ya kawaida ya kuandikia, na inakwaruza karatasi. Bila weusi wa kweli, kivuli cha chini ya kidevu na cha tundu za pua hakipati kina, na uso unabaki bapa.

Tena, mifano yote ya kivuli ni ya ngozi nyeupe. Wateja wenu ni sisi! Ngozi nyeusi haichorwi kwa kuikoleza yote sawasawa. Umbo lake huonekana kwenye mng'ao wa paji, wa mfupa wa shavu na wa ncha ya pua. Kijitabu hakisemi lolote kuhusu hilo.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora na maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Kwa hiyo naomba muwarudishie wazazi hawa pesa zao, au muwape penseli zinazolingana na chapa zake, na muache kuuza kijitabu hicho hadi kisahihishwe. Niko tayari kuwaonyesha kila ukurasa wenye kosa.

Nimeambatisha nakala za risiti na vipande vya karatasi vilivyopakwa kila penseli. Natarajia jibu la maandishi katika muda wa siku 14.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa kuchora, Umoja