Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Riwaya

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Mwaka jana tuliagana kusoma riwaya moja kila mwezi. Niseme mapema kwamba kumi na mbili hatukufikisha. Ramadhani hatukukutana, mwezi wa Maulidi kila mtu alikuwa na shughuli zake Msikiti wa Riyadha hapa Lamu, na mwezi mmoja kusi ilivuma vibaya hata wenzetu wa Pate hawakuweza kuvuka. Zikabaki tisa. Sitazipitia zote, nyingi mlizisoma na mnazijua.

Nianze na Kuli, kwa sababu ndiyo iliyotuumbua. Tuliichagua kwa kunyoosha mikono, tukatuma pesa kwa duka moja la vitabu Mombasa, tukaahidiwa nakala nane ndani ya wiki. Mwezi ulikuwa umefika ukingoni kifurushi kiliposhuka Mokowe na kuvushwa kwa boti. Ndani mlikuwa na mbili, na moja kati ya hizo, ukifika katikati, inaanza tena ukurasa wa kwanza!

Ikabidi isomwe kwa sauti. Vijana wawili walipokezana, sisi tumekaa barazani na kahawa, punda wakipita na mifuko ya saruji. Riwaya hiyo ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ilipofika habari ya kubeba mizigo, mzee wetu mmoja aliyepakua majahazi ujanani alimsimamisha msomaji. Akachukua leso, akaikunja ikawa kata, akaiweka kichwani, akatuonyesha shingo inavyokazwa kabla gunia halijatua. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akituambia kwamba maneno yasiyo na vina si ya kumwekea mtu kikao. Tangu siku ile hajakosa hata kimoja.

Kikao kirefu kuliko vyote kilikuwa cha Peponi. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis tukaipata baada ya kutoka 2022, mwaka mmoja tangu mwandishi apewe Tuzo ya Nobeli. Ubishi wote ulikuwa juu ya mwisho wake. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, anaishia kuukimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Mama mmoja akasema kijana ametoka kwa bwana mmoja kaenda kwa mwingine, tofauti ni bunduki tu. Mwingine akamjibu kwamba angalau safari hii amekwenda kwa miguu yake mwenyewe. Mzee akakata: "Hana ndia ya kurejea." Adhana ya magharibi ndiyo iliyotuinua, na nasikia wengine waliendelea nayo hadi mtaa wa Langoni.

Siku Njema ya Ken Walibora tuliiweka likizo ya Agosti ili wanafunzi waje. Walikuja, lakini wale waliowahi kuisomea mtihani zamani walituchosha kidogo: kila ukurasa wanataja maudhui na mbinu za lugha, kana kwamba kuna msahihishaji mlangoni. Rosa Mistika ilileta malalamiko kwa wazazi wawili. Niliyapokea, ila sikubaliani nayo. Kitabu cha 1971 kilichowahi kuzuiwa shuleni Tanzania si cha kufichwa na watu wazima wa Lamu.

Wapo walioomba The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2019, kwa kuwa binti wa riwaya hiyo ni wa Pate. Tuliikataa kwa sababu tumekubaliana kusoma Kiswahili tu. Mimi mwenyewe nilipiga kura ya kukataa, na mpaka leo roho inanisuta.

Sasa uchaguzi wa vitabu. Mtu anasimama, anasifu riwaya, wote tunaitikia. Ukimuuliza ameisoma, anasema ameisikia. Mwaka huu tumefanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu tulihangaika. Naleta pendekezo mlipigie kura leo: anayependekeza kitabu awe amekisoma mpaka mwisho, na aje na nakala mkononi. Kama hana, jina la kitabu lisiandikwe ubaoni.

Fedha ni kidogo na hesabu anayo mweka hazina, mwulizeni. Lile duka bado halijarudisha salio letu.

Mwezi ujao tunaanza na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Nakala nne ziko kabatini. Anayeazima aandike jina daftarini, arudishe baada ya siku kumi, na tafadhali asisome huku anakula mahamri. Peponi yetu moja imerudi na mafuta kuanzia ukurasa wa kwanza hadi anapoondoka Yusuf.