Malalamiko kuhusu litografia ya mkataba wa William Penn niliyouziwa kuwa ya asili

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA NA KUREKEBISHWA KWA TANGAZO

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua katika duka lenu la mtandaoni picha inayomwonyesha William Penn, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Pennsylvania huko Amerika, akifanya mkataba na Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo, chini ya mti mkubwa huko Shackamaxon, Pennsylvania. Tangazo lenu lilieleza kuwa ni litografia ya asili, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe lililochorwa, iliyotolewa New York na mchapishaji Nathaniel Currier katika karne ya 19 na kupakwa rangi kwa mkono, nami nikalipa bei ya kitu cha namna hiyo. Kilichonifikia ni nakala ya kisasa iliyochapwa kwa mashine, pamoja na rangi zake zote.

Katika karakana ya Currier, mchoro ulichorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa na kuchapwa kwa wino mweusi, kisha karatasi zikapita mikononi mwa wanawake waliokaa mezani, kila mmoja akipaka rangi yake moja na kumsogezea mwenzake. Ndiyo maana picha halisi, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha chembe nyeusi zisizo na mpangilio zinazotokana na uso wa jiwe, na juu yake rangi ya maji iliyotandazwa kwa brashi, ambayo mara nyingine huvuka mstari wa koti au wa jani. Kwenye picha mliyonitumia, koti la Penn, majani ya mti na nyuso za watu wote ni vitone vya bluu, vyekundu, vya njano na vyeusi vilivyopangwa kwa safu, kama ilivyo kwa uchapaji wa mashine. Hata doa la unyevu lililo kwenye kona ya chini, ambalo tangazo lililitaja kuwa dalili ya umri wa karatasi, ni vitone vilevile, na nyuma ya karatasi mahali hapo ni peupe kabisa.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba uchapaji wa ofseti, yaani ule wa mashine za kisasa, nao ni aina ya litografia. Ni kweli kwamba mbinu hizo mbili zina asili moja, lakini jibu hilo haligusi malalamiko yangu, kwa kuwa tangazo liliahidi kazi ya Currier yenye rangi ya mkono, na hakuna mkono wa mtu uliopaka chochote kwenye karatasi hii.

Yapo pia maelezo ya kihistoria, ambayo kwa maoni yangu ni kosa zito zaidi kwa sababu yanaendelea kusomwa na wateja wengine. Mmeandika kuwa picha ni ushahidi wa tukio la mwaka 1661 na kwamba inaonyesha mkataba pekee ambao haukuvunjwa kamwe. Mwaka huo na maneno hayo yamo kweli katika maandishi ya chini ya picha, ila Penn alipewa hati ya koloni na Mfalme Charles II mwaka 1681 na kuwasili mwaka uliofuata. Mwaka 1661 alikuwa bado kijana mwanafunzi wa Oxford. Mandhari yenyewe yametokana na mchoro wa Benjamin West wa miaka ya 1771 na 1772, uliochorwa kwa agizo la Thomas Penn, mwana wa William, yuleyule ambaye mwaka 1737 alishiriki katika hila ya kupima ardhi kwa mwendo wa watu waliokodiwa, hila iliyowanyang'anya Walenape eneo kubwa sana. Muuzaji anayenukuu maandishi hayo bila neno la ziada anawasingizia Walenape amani ambayo hawakuachiwa.

Kwa hiyo naomba nirejeshewe fedha zote nilizolipa, pamoja na gharama za usafirishaji wa kwenda na kurudi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Naomba pia tangazo liondolewe, au liseme wazi kwamba kinachouzwa ni nakala ya kisasa, na maelezo yake ya kihistoria yasahihishwe. Nimeambatanisha picha za karibu za vitone, za doa na za upande wa nyuma, pamoja na nakala ya tangazo kama lilivyokuwa siku niliponunua. Karatasi yenyewe nimeihifadhi katika vifungashio vyake, na nitaituma mara tu mtakaponithibitishia kwa maandishi kwamba mtalipia usafiri wake.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu