Muda tunaongoja mlangoni pa mkahawa nao ni kazi

KWA MHARIRI,

Makala mliyochapisha hivi majuzi kuhusu vijana wanaojipatia riziki kwa kupeleka chakula kwa pikipiki hapa Nairobi yaliandikwa kwa nia njema, lakini yalichukua fedha ambazo mpelekaji huziona kwenye simu yake jioni na kuziita mapato. Nimeifanya kazi hii tangu mwaka wa 2020, na ningependa kuwaeleza wasomaji wenzangu jambo ambalo simu haionyeshi, yaani saa tunazozimaliza tukiwa tumesimama.

Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu katika mkahawa mmoja wa Westlands. Kafyu ilipotangazwa mwezi Machi mwaka huo na mikahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, tajiri wetu hakuwa na haja tena ya watu wa kuzunguka mezani, nami nikachukua pikipiki kwa mkopo na kujisajili kwenye programu. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini mkopo haukuondoka nayo, kwa hiyo nilibaki barabarani. Ninayaeleza haya ili ijulikane kwamba nimesimama pande zote mbili za dirisha la jikoni.

Nichukue Jumamosi moja ya kawaida. Nilitoka Kawangware saa nne asubuhi, nikazunguka Kilimani, Kileleshwa na Lavington hadi saa tatu usiku, nikapeleka oda 14, na simu ikaniandikia shilingi 1,960. Petroli ilikula 480, mkopo wa pikipiki 450, chakula changu cha mchana 150, bando 50, na simu za kuwatafuta wateja walioweka alama ya ramani kwenye jengo la jirani 40. Niliweka kando 100 kwa ajili ya oili na matairi, maana asiyefanya hivyo hujuta pikipiki inapogoma. Zilibaki shilingi 690 kwa saa 11, ambazo ni kama shilingi 63 kwa saa, na hiyo ilikuwa siku njema. Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 kwa lita jijini, malipo ya oda hayakusogea hata kwa shilingi moja katika programu niliyokuwa nikiitumia.

Hata hivyo, si petroli iliyonifanya nishike kalamu. Kwa majuma mawili niliandika katika daftari saa ya kufika kwenye kila mkahawa na saa ya kukabidhiwa chakula, nikagundua kwamba katika kila siku ya saa 11, karibu saa tatu ninazimaliza mlangoni nikingoja. Muda huo haulipwi. Ninalipwa kwa kuchukua mzigo na kwa umbali wa kuufikisha kwa mteja, basi. Sababu yake haihitaji mtaalamu, na mtu aliyewahi kufanya kazi jikoni ataielewa upesi. Oda ikiingia, programu humwita mpelekaji aliye karibu wakati uleule inapomwarifu mpishi, kwa kuwa haitaki mteja aone kwamba hakuna aliyepatikana. Mimi hufika baada ya dakika tano, ilhali kuku hajatoka kwenye friji. Mpishi naye huanza na wateja walioketi, na simlaumu, kwa sababu mteja aliyeketi ana sura, ana sauti, na anaweza kumwita meneja, hali oda ya simu ni karatasi tu iliyobandikwa ukutani. Mkahawa haupotezi chochote kwa kuchelewa, kampuni ya programu haipotezi chochote, na mteja anayekasirika hunikasirikia mimi, kwa kuwa ndiye binadamu pekee anayemwona katika safari nzima ya chakula chake.

Tena kungoja kwenyewe hakuna mahali pake. Ndani haturuhusiwi kukaa, maegesho ni ya magari ya wateja, na ukiiacha pikipiki kando ya barabara, askari wa kaunti anaweza kuibeba ukiwa unachungulia dirishani kuuliza kama chakula kimeiva. Mvua za masika zinaponyesha, ambapo ndipo oda huwa nyingi zaidi kwa kuwa hakuna anayetaka kutoka nje, utatukuta wanane au kumi tumejibana chini ya kibaraza kimoja, kila mmoja akilikinga begi lake kuliko anavyokikinga kichwa chake. Wapo wenye mikahawa waliotuwekea benchi na kutukaribisha maji ya kunywa, na Mungu awabariki, ila ni wachache kiasi kwamba tunaambiana majina yao.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: hulazimishwi, kataa oda za mikahawa inayochelewesha. Programu inaniruhusu kukataa, ndiyo. Lakini kila ninapokataa alama zangu hushuka, na mwenye alama za chini huchagua saa za kazi baada ya wengine, akajikuta amebakiwa na saa tisa alasiri ya Jumanne, wakati ambapo hakuna mtu mwenye njaa. Tangu Jumia Food ilipofunga milango mwishoni mwa mwaka wa 2023, na wenzetu waliokuwa huko wakahamia kwenye programu zilizobaki, saa nzuri zimekuwa za kugombaniwa. Kwa hiyo ninangoja, si kwa kupenda. Sijawahi kuambiwa alama hizo zinahesabiwaje. Nilipouliza, nilijibiwa na ujumbe uleule uliotungwa tayari, mara tatu, ukinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Sheria haikosekani kabisa hapa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa na mashine peke yake uamuzi unaomwathiri kwa kiwango kikubwa, na kinamruhusu kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Sioni uamuzi unaomwathiri mpelekaji chakula kuliko ule unaompangia atafanya kazi lini, na ningefurahi Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikitoa mwongozo ulio wazi kuhusu alama hizi. Madereva wa teksi za programu walipiga kelele hadi kanuni za mwaka wa 2022 zikaweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni wanayokatwa. Sisi hatumo, kwani kanuni hizo zinazungumzia abiria, na sahani ya pilau si abiria. Kifungu cha 41 cha Katiba, kinachotaja ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa, kinamzungumzia kila mfanyakazi, lakini kampuni hutuita washirika, na neno hilo moja limetosha kutuweka nje ya mlango.

Ninachoomba si kikubwa. Dakika kumi za kwanza mlangoni nitazibeba mwenyewe, kwa kuwa hata jiko zuri huchelewa. Kuanzia dakika ya kumi na moja, kila dakika ilipwe, na malipo hayo yatoke kwa mkahawa uliochelewesha, si kwa mteja. Simu yangu tayari inajua nilifika saa ngapi na niliondoka saa ngapi, hivyo hakuna chombo kipya cha kununuliwa. Wengine watasema mikahawa itajiondoa kwenye programu. Mimi niliyekuwa ndani nasema itajifunza kumwita mpelekaji kuku akiwa tayari yuko motoni, jambo ambalo wapishi wanaliweza bila shida, ila hawajawahi kuwa na sababu ya kulifanya. Na oda ambayo mpelekaji ameikataa baada ya kungoja zaidi ya nusu saa isimshushe alama.

Kampuni ninayoifanyia kazi nimeiandikia haya mara mbili bila kujibiwa na mtu. Iwapo Wizara ya Leba au kamati yoyote ya Bunge inataka kuona hesabu zenyewe, daftari langu la majuma mawili lipo, limelowa kidogo pembeni lakini linasomeka, nami niko tayari kulileta. Ombi langu ni moja tu, nisiitwe kati ya saa sita na saa nane mchana, kwa kuwa hapo ndipo oda huingia.

Mpelekaji chakula,
Kawangware, Nairobi