Kamati za harusi, mtuoneshe daftari la mhazini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua. Mimi ni mratibu wa sherehe hapa Isevya, Tabora, mwaka wa saba sasa. Mara kwa mara hunijia vijana waliomaliza chuo wakitaka niwafundishe kazi, na karibu wote huanza kuulizia mapambo: maua, taa, vitambaa. Mimi huwauliza kwanza kama wanajua kusoma daftari la mhazini wa kamati.

Nilianza na cherehani. Wifi yangu alikuwa anamuaga bintiye, nikakopa satini nyeupe dukani nikashona magauni ya viti 150. Usiku wa kuamkia sendofu nilikuwa bado natia mikanda ya mgongoni, ile inayofungwa ua. Wageni wakaulizana nani kapamba, na kazi ikaanzia hapo.

Sherehe ya tatu ndiyo iliyonifunza. Ilikuwa Machi, na mvua zetu za Tabora tunazijua, zikianza Novemba hazituachi mpaka Aprili. Kamati ilipitisha bajeti yenye maturubai manne. Kumbe bajeti yote imesimama juu ya ahadi! Waliojiandikisha kuchanga wengi ni wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge, waungwana kabisa, lakini mwezi Machi tumbaku bado iko mabanini ikikaushwa. Fedha yake huja masoko yakishafunguliwa na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kikishalipwa. Mhazini akampa mwenye maturubai nusu ya fedha, naye akaleta maturubai mawili. Mimi sikuambiwa.

Mvua ilishuka saa kumi na moja jioni, bibi harusi ameshaketi. Pale maturubai yalipokutana maji yakajikusanya, turubai likalegea, likashuka kama tumbo la mbuzi mwenye mimba juu ya meza ya keki. Nikachukua mwiko wa mpishi, ule mrefu wa kugeuzia pilau, nikasukuma kwa chini ili maji yamwagikie nyuma. Yakamwagikia upande wa wakwe. Mama wa bwana harusi, kavaa kitenge kipya, alinitazama asiseme neno. Yale macho ninayo mpaka leo.

Lawama zote zilinijia mimi. Malipo nilipewa theluthi, mengine nikaambiwa, "Wewe mwanetu, wa nyumbani, subiri kidogo." Nilipita kwa mhazini miezi minne. Deni la satini nililimaliza kwa kushona sare za shule.

Tangu hapo kila bajeti naiandika mara mbili: ya ahadi, na ya fedha iliyo mkononi. Napanga kwa hiyo ya pili tu. Nusu ya malipo naipokea mwezi mmoja kabla, iliyobaki siku tatu kabla, na maturubai nayahesabu mwenyewe asubuhi yakiwa yameshafungwa. Wapo wanaoniita mwenye roho ngumu. Lakini nyuma yangu wapo mpishi, mpiga picha na vijana wa kubeba viti, nao usiku ule ule wanataka chochote cha kurudi nacho nyumbani.

Kwa vijana: ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilianza kutolewa tena mwaka 2024, asilimia 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na haina riba. Undeni kikundi, mnunue viti na maturubai kabla ya kufikiria maua. Kiti kinakodishwa hata wiki isiyo na harusi, kwenye msiba, maulidi au mkutano wa ushirika. Maua ya kitambaa hakuna anayeyaita msibani.

Na kwenu wenyeviti wa kamati, wazee wangu na dada zangu mnaopanga shughuli za masika yajayo: mwiteni mratibu kwenye kikao cha kwanza, mumfungulie daftari aone kilicholipwa na kilichoahidiwa. Kama fedha iliyopo ni ya maturubai mawili, mwambieni hivyo hivyo. Atawashauri mpunguze wageni, au msogeze harusi hadi Julai, mbingu zikiwa kavu na tumbaku imeshalipwa.

Msomaji wako,
Mratibu wa sherehe, Isevya, Tabora